Joto la Kifuani

4 Machi

Wifi yangu kipenzi,

Kwanza nakusalimu wewe, kisha cherehani yako, kisha huyo mdogo wangu dereva uliyemkubali kuwa mume. Kwa mpangilio huo huo.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu yenu huko inashika mtu akisimama juu ya kiti, na kila nikikupata unaniambia "wote wazima", mara inakata. Kwenye barua huwezi kunikatia.

Nina jambo la kazini linaninyima raha. Nimesita kukuandikia wewe, na unajua mwenyewe kwa nini. Ukiona halisomeki, likunje uliweke, sitakuuliza.

Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati wanatufikia wakiwa baridi. Chumba cha kujifungulia kiko mwanzo wa korido, wodi yetu ya wachanga iko mwisho wake. Mtoto anafutwa, anapelekwa kwenye mzani, anaviringishwa shuka, mkunga anambeba mbio mbio, mlango huu, mlango ule. Akitufikia ngozi yake ni kama kitu kilichotolewa kisimani. Na mtoto mdogo vile akishapoa, hata kunyonya anasahau. Wengine tunawarudisha. Wengine hawarudi.

Sasa alikuja mkufunzi, akatukataza kuanza na mikutano. Alisema chukueni wazo moja, mlijaribu kwa mama mmoja, zamu moja, mpime mtoto, kisha muamue: mliendeleze, mlirekebishe au mliache. Mama Funguo akauliza, "Na likishindikana?" Huyo ni matroni wetu. Anatembea na funguo za makabati yote kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Mkufunzi akamjibu, "Basi mtakuwa mmejua kitu." Mama Funguo akaguna.

Wazo letu: mtoto asitenganishwe na mama. Akitoka tu, awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, na wasukumwe wote wawili kwenye kitanda kimoja mpaka wodini. Tulilijaribu kwa mama mmoja. Njia nzima nilikuwa natabasamu kama bibi harusi. Tulipofika, mtoto alikuwa baridi vile vile! Kumbe katikati ya korido, kwenye benchi la wageni, mama alimshusha mtoto akavuta shuka mpaka shingoni. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Dada, wale watu walikuwa wananitazama kama sinema."

Mama Funguo alisema "si nilisema?" ingawa hakuwa amesema kitu.

Ndipo nikakukumbuka fundi wangu. Kuna nguo gani inayoweza kumshika mtoto kifuani, ikamsitiri mama, na isimzibe mtoto pumzi?

Wifi yako wa Wodini

29 Machi

Wifi wa Wodini,

Mimi mzima, cherehani nzima, mdogo wako mzima ila anakohoa makusudi akitaka chai.

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako niliikunja nikaiweka, kama ulivyosema. Kisha nikaikunjua. Nikaikunja tena. Jumapili mume wangu akaniuliza hiyo karatasi imenikosea nini.

Mwanangu mimi hakuna aliyempima joto, wifi. Walimpima uzito, wakaandika, wakampeleka nisikokujua. Waliponirudishia nilimgusa, nikadhani kila mtoto aliyekufa huwa baridi vile. Sasa najiuliza alianza kupoa lini. Sikulaumu kwa kunifungua macho. Nataka tu ujue kuwa nimesoma.

Nakutumia nguo ya kwanza. Ni pamba laini, inazunguka mgongoni mara moja na kufungwa nyuma kwa utepe. Kichwa cha mtoto kinabaki nje.

Nina maswali, ni ya ushonaji tu. Watoto wenyewe wanakuwa wakubwa kiasi gani? Wale waliozaliwa mapema sana wanapona kweli? Mama anajuaje kuwa mtoto anataka kuja mapema? Na kama mama hawezi kumshika, labda amepasuliwa, mtoto anawekwa wapi?

Ni kwa ajili ya vipimo.

Wifi yako, Fundi

12 Aprili

Fundi wangu,

Nguo ilifika ikiwa inanuka sabuni yako. Niliinusa kabla sijamwonyesha mtu.

Sasa jikaze, nikuambie matokeo. Tuliijaribu kwa mama mmoja, muuza ndizi, mcheshi balaa. Nguo ilimsitiri vizuri. Lakini utepe wa mgongoni! Mwanamke aliyetoka kuzaa umwambie aketi, ainame, ageuke, umfunge nyuma kama aproni! Tukavutana naye mkunga huku na mimi kule. Alipomaliza kufungwa akasema, "Nimekuwa gunia la mkaa." Mtoto alifika na joto zaidi kidogo kuliko wa kwanza, lakini bado chini ya tunavyotaka.

Daktari Pole (tunamwita hivyo kwa sababu hata akimkanyaga paka anamwambia pole) alisema kasoro ni fundo, si wazo. Je, haiwezi kufungwa mbele? Au begani?

Maswali yako: wengine ni wadogo hata ukiwabeba unatazama mkononi kuhakikisha wapo. Wanapona, wifi. Siyo wote, lakini wengi zaidi ya watu wanavyodhani, wakipata joto na maziwa. Dalili ni nyingi: kiuno kuvuta kama siku za mwezi, tumbo kukaza na kuachia, maji au damu kutoka. Hapo mama haendi kulala kwanza, anakwenda hospitali. Na mama akiwa hawezi kumshika mtoto, kifua ni kifua. Bibi yake anaweza, baba yake pia, ingawa hapa kwetu hatujawahi kumvua baba shati.

Fundi gani anauliza dalili za uchungu ili apate vipimo? Nikicheka nasema labda unataka kuniibia kazi.

Wifi yako wa Wodini

25 Aprili

Wifi,

Gunia la mkaa! Nimecheka mpaka mteja aliyekuja kupima sketi akaniuliza kama amenenepa.

Umesema kweli, na mimi nilijisahau. Nilikuwa namshonea mwanamke aliyesimama. Safari hii nililala kitandani, nikaweka mto kifuani, nikajifunga mwenyewe bila kuinuka. Mume wangu alisimama mlangoni, kisha akaondoka na kwenda kuosha lori ambalo lilikuwa safi.

Hii ya sasa inapita chini ya makalio ya mtoto, inapanda, inafungwa juu ya bega la kushoto kwa fundo moja ambalo mama analivuta kwa mkono mmoja. Jaribu ukiwa umelala. Nimeshona moja tu, kama mkufunzi wenu anavyotaka. Ukiniambia inafaa nitashona nyingine, nina kitambaa cha kutosha, kile cha maua madogo ya manjano. Unakijua.

Wifi yako, Fundi

10 Mei

Fundi wa mafundi,

INAFAA!

Mama wa kwanza alikuwa mwalimu, mwoga hata wa sindano. Nikamfunga fundo la begani kabla sijamaliza kumweleza. Tukapita naye koridoni, wageni wote kwenye benchi, yeye anawasalimia! Wodini Daktari Pole akapima. Akanionyesha kipimajoto. Joto zuri kabisa, wifi. Mtoto alikuwa anatafuta titi.

Tukajaribu mama wa pili, kisha zamu nzima, kisha na zamu ya wenzetu ambao hawatupendi. Tukagundua pia kuwa safari ya kwenda kwenye mzani ndiyo mwizi wetu mwingine, kwa hiyo sasa mzani unamfuata mtoto, siyo mtoto kuufuata mzani. Mama Funguo alipinga kwa wiki nzima kwamba mzani utavunjika. Jana nimemkuta anausukuma mwenyewe, akimwambia mkunga, "Mtoto haendi popote, nani alikufundisha hivyo?"

Shona nyingine. Kitambaa cha maua ya manjano nakijua, ndiyo. Una hakika?

Wifi yako wa Wodini

8 Juni

Wifi mpendwa,

Mzigo wa nguo ulifika salama, zote. Ni nzuri sana. Hapa tunaendelea vizuri, kazi ni nyingi. Mvua imeharibu bustani ya mbele. Daktari Pole amechumbia, ila hajamwambia mwenyewe mchumba.

Nguo zinaendelea vizuri. Usishone nyingine kwanza, usijichoshe. Pumzika.

Msalimie mdogo wangu.

Wifi yako wa Wodini

22 Juni

Wifi,

Mume wangu alipita hapo kwenu Alhamisi na shehena ya saruji. Nilimpa nguo nyingine akuletee. Amerudi nazo.

Unamjua mdogo wako alivyo. Hajui kusema uongo. Hata kuku akimuuliza, atamwambia siku ya kuchinjwa. Nikamuuliza, "Umeziona nguo zangu?" Akasema ameziona. Wapi? Kwenye dirisha la chumba chenu cha chai. Zimetungwa kwenye kamba. Ni pazia.

Kitambaa cha maua ya manjano nilikinunua kwa ajili ya mwanangu. Unakijua, ulikuwa nami dukani. Nilikaa nacho sandukuni bila kukigusa mpaka barua yako ilipokuja.

Kama hazikufaa ungesema. Ile ya kwanza si ulisema? Tukacheka? Ulinifanya nione tunafanya kazi moja, mimi na wewe, kumbe mwishoni mimi ni mtu wa kutulizwa.

Watu wanasema mawifi hawaivi chungu kimoja. Siku zote nilikuwa nawabishia.

Fundi

30 Juni

Wifi yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta pa kuketi.

Kila ulichosema ni kweli. Sasa nakuambia yote, bila sukari.

Nguo zilifanya kazi vizuri mpaka zilipoanza kwenda kwa dobi. Dobi wetu ana mashine moja, na mvua ilikuwa haikatiki. Nguo zilikuwa zinarudi na unyevu, au hazirudi. Siku moja mkunga akamfungia mtoto iliyokuwa mbichi kidogo, kwa nia njema. Mtoto akatufikia amepoa. Alipona, wifi, yule mtoto amekwenda nyumbani. Lakini siku ile ile tulikaa tukaamua: nguo za hospitali tuziache. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono wa kwanza, na nyumbani nililia.

Tukajaribu kitu kingine. Kila mama anakuja na kitambaa chake mwenyewe cha kujifunga, kikavu, anachokijua. Tunakipitisha chini ya makalio ya mtoto, tunakipandisha, tunakifunga kwenye bega la kushoto kwa fundo lako. Wakunga wote wanalijua sasa. Wanaliita "fundo la wifi". Wanafunzi wanafundishwa hivyo hivyo, "piga fundo la wifi", na hawajui wifi ni nani. Tangu hapo ni nadra mtoto kutufikia baridi, na akifika hivyo tunaulizana kulikoni.

Pazia ni kazi ya Mama Funguo. Aliona maua akasema haiwezekani nguo nzuri hivi zikae kabatini. Ningemzuia. Sikumzuia.

Nawafundisha wenzangu kila wiki kwamba jaribio lisilofaulu halifichwi, linasemwa mezani ili tujifunze. Ilipofika zamu yako nikaogopa. Nilikiona kitambaa kile nikasema moyoni, hili siwezi kumwandikia. Nikakuandikia habari za bustani! Nisamehe. Wewe si wa kutulizwa. Bila wewe tungekuwa bado tunafunga magunia.

Ila nami nina swali. Mdogo wangu alikuja, mzigo kwapani, akanisalimia akitazama viatu vyake, nikamwambia ngoja chai, akakimbia. Mtu ambaye hajawahi kukataa chai tangu azaliwe! Nimemkosea nini na yeye?

Wifi yako

14 Julai

Wifi yangu,

Hukumkosea. Alikimbia kwa sababu nilimwapisha asikuambie, na alijua ukimtazama usoni mara mbili atamwaga kila kitu.

Nina mimba.

Nilikuwa nayo ulipoandika ile barua ya kwanza. Maswali yangu ya vipimo, mwuguzi mzima, hukushtuka? Safari ile tuliwaambia watu wote, tukanunua na kitambaa, kisha ikabidi nipite kwa mmoja mmoja kuwaambia hakuna tena. Hata muuza maziwa. Safari hii nilitaka nikae nayo mwenyewe kwanza. Wewe nilitaka kukuambia kila barua. Nikiandika "nina", nakata, naandika habari za chai.

Kwa hiyo usiombe msamaha peke yako. Wote wawili tumefichana, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake.

Nilikasirika kwa sababu zile nguo nilizishona huku huyu akinipiga mateke. Nilikuwa namwambia, hizi ni za wenzako, na yako ipo. Nikasikia zimekuwa pazia, nikaona kama bahati yake ndiyo imetundikwa. Upuuzi wa mjamzito. Sasa najua kuna mtoto alipoa kwa sababu ya nguo yangu mbichi, na mkaiacha, na wengine hawakupoa. Mlifanya vyema. Ningekuwepo na mimi ningenyoosha mkono.

Mwambie Mama Funguo pazia lisiguswe. Kama ni refu sana alipinde chini kwa mkono, asitumie pini.

Mume wangu nimekuwa nikimsomea barua zako kila jioni. Anajifanya anatengeneza redio, lakini redio ile ilipona zamani.

Kliniki wanasema shinikizo langu la damu linapanda. Nimeambiwa nipumzike. Naogopa, wifi. Sijamwambia yeye kuwa naogopa. Nakuambia wewe.

Fundi wako

21 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia mimi, usishtuke. Wote wako hai. Nimeanza na hilo makusudi.

Hati yangu ni mbaya kuliko kawaida kwa sababu natumia mkono mmoja.

Jana asubuhi kichwa kilimwuma sana, akaanza kuona vimulimuli. Hatukungoja. Nilimpakia kwenye lori, nikapiga honi mpaka getini. Daktari akasema mtoto atolewe sasa hivi, shinikizo limezidi. Akapelekwa chumba cha upasuaji. Alinishika shati akasema, "Asipoe." Neno hilo tu. Mlango ukafungwa.

Baadaye akatoka mwuguzi amebeba kitu kwenye taulo. Ni binti, dada. Ni mdogo, sijui niseme kama nini. Analia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Mwuguzi akasema anampeleka jengo la pili akalazwe huko. Nikatazama nje, upepo unapeperusha karatasi. Nikasimama mlangoni. Unanijua, mimi si mtu wa kubishana, lakini nilisimama.

Nikamwambia, "Dada, mpime joto kwanza." Akanitazama. Nikamwambia, "Mweke hapa." Akasema, "Baba, hapa hatufanyi hivyo kwa akina baba." Nikamwambia, "Sisemi mfanye kwa wote. Jaribuni kwa baba mmoja. Leo tu. Mumpime sasa, mumpime tena tukifika, ikiwa amepoa mtaacha, na mimi nitakaa kimya." Akamtazama mtoto. Kisha akaniuliza mimi ni nani kazini. Nikasema mimi ni dereva wa saruji.

Akacheka kidogo. Akasema, "Vua shati."

Kitambaa cha mke wangu nilikuwa nacho. Nilipiga fundo la begani mwenyewe, mke wangu alishanifanyisha mazoezi kwa mto, usimwambie mtu. Tukavuka ule uwanja, nimeupa upepo mgongo. Sijawahi kutembea polepole hivyo hata na shehena ya vioo.

Tulipofika akampima. Akakitazama kipimajoto, akampima tena. Akasema, "Haya, baba, kaa hapo hapo." Nimekaa.

Mke wangu amezinduka mchana huu. Shinikizo limeanza kushuka, daktari ameridhika. Nilipelekwa kwake kwenye kiti cha magurudumu, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Alikuwa anaogopa kuuliza. Nikafungua tu koti nililojifunika nalo. Akamwona. Akaweka mkono hapo kifuani kwangu, akauacha.

Siwezi kuandika zaidi, nikicheka anaamka.

Mdogo wako

2 Septemba

Kaka mdogo, na wifi yangu, na yule asiyetaka kuchekewa,

Barua ilinikuta chumba cha chai. Nilijaribu kuisoma kwa sauti, nikakwama kwenye "Asipoe". Mama Funguo akaninyang'anya, akaimalizia yeye, funguo zinamlia kiunoni. Daktari Pole alituambia pole wote, mmoja mmoja.

Kisha Mama Funguo akafuta macho akasema, "Sasa kwa nini sisi hatumvui baba shati?" Yeye huyo!

Basi tumejaribu. Baba wa kwanza alikataa, akasema ana mafua, na kweli alikuwa nayo, tukamshukuru. Wa pili ni fundi wa kuchomelea, kifua kama mlango wa stoo. Mtoto alikaa na joto zuri kabisa. Tatizo likawa baba mwenyewe: alisinzia kwenye kiti akaanza kukoroma, mtoto anashtuka kila mkoromo. Tumerekebisha. Baba wa tatu tumempa mtu wa kupiga naye soga. Nitawaandikia yatakavyokuwa, hata yakiwa mabaya.

Wifi, endelea kunyonyesha kidogo kidogo, usijilaumu maziwa yakichelewa, na dawa za shinikizo usiache hata ukijiona mzima. Kichwa kikianza tena, usingoje mtu amalize chai.

Nimeomba likizo na Mama Funguo ameisaini bila kuguna. Nakuja Ijumaa na basi la asubuhi. Sihitaji kupokelewa wala kupikiwa. Mumeo nasikia hataki kumwachia mtu huyo mtoto, anadai anamjua mwenyewe anavyopumua. Mwambie kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

Nikifika, na mimi mnipangie zamu.

Shangazi yake